Nani Aliichagua Ile Mashine

Tangazo lilikuja Jumatano mchana kwenye grupu la watu wa matangazo na uchapaji wa Mwanza, katikati ya mtu aliyekuwa anatafuta fundi wa printa na mwingine aliyekuwa anatutumia sala ya asubuhi saa nane mchana. Picha moja na maneno machache: ofisi ya Mabatini inafungwa, vitu vyote vinauzwa Jumamosi, anayetaka awahi. Niliikuza picha kwa vidole viwili. Niliiona meza iliyochubuka upande wa kulia, nikaiona stuli ya mteja, na chini sakafuni, juu ya mkeka, ile kompyuta yenye ubavu wa kioo na taa zinazobadilika rangi, na pembeni yake skrini iliyopinda kama mgongo wa kiti cha saluni. Kwa miaka sita nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia Bwana Sospeter siku tutakapokutana. Nilikuwa na maneno ya kukutana naye benki, maneno ya kukutana naye msibani, maneno ya kukutana naye sokoni akiwa na mke wake, na hata maneno ya kukutana naye hospitali, ya aina mbili, kutegemea nani kati yetu angekuwa mgonjwa. Maneno ya kukutana naye akiuza vitu vyake sikuwa nayo. Basi siku tatu zile sikulala vizuri, nikiyatafuta. Ijumaa nilifungua sanduku la chini ya kitanda, nikatoa daftari langu la mraba lenye jalada gumu, nikaliweka kwenye mkoba. Nikalitoa. Nikalirudisha.

Mwaka niliomfanyia kazi ulianza nikiwa nimetoka chuo, na cheti changu kikiwa bado ndani ya bahasha ya plastiki kwa sababu niliogopa kitapata doa. Nilipanga chumba Mkuyuni, kwenye nyumba iliyojengwa kwa kuegemea jiwe. Ukuta wa nyuma haukuwa ukuta, ulikuwa jiwe lenyewe, kubwa kuliko nyumba, na mwenye nyumba alikuwa amelipaka chokaa ili lifanane na kuta nyingine. Mchana kutwa lilikuwa linakusanya jua, na jioni linanirudishia joto lote mgongoni. Upande wa pili palikuwa na mama na binti yake, na kila jioni nilisikia wakigombana kuhusu sufuria. Nilijua mambo yote ya sufuria ile kabla sijajua majina yao. Kazi niliipata Mabatini, kwa Bwana Sospeter, mtengeneza mabango, kadi na kalenda, ambaye ofisi yake ilikuwa chumba cha nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Ili uingie ulipita katikati ya matairi yaliyopangwa hadi darini, kwa hiyo mteja alifika kwetu akinuka mpira mpya, na kuanzia hapo harufu ya wino ikachukua zamu. Ndani mlikuwa na kompyuta mbili za zamani, mashine moja kubwa ya kuchapa, na Dada Getruda, aliyenizidi miaka kumi na aliyejifunza kazi hapohapo mezani bila kukanyaga chuo. Siku ya kwanza aliniangalia kuanzia viatu hadi nywele, akasema, "Karibu, mdogo wangu. Huyu bosi wetu ukimwitikia 'sawa' kwa sauti kubwa hana tatizo. Tatizo ni ukimwitikia 'lakini'."

Mimi ni mtu wa lakini. Sijui kununua hata sabuni bila kusoma nyuma ya pakiti zote tatu. Na ofisi ile ilikuwa na utaratibu wake uliokuwa hautaki lakini yoyote, nao ulikuwa umekalia stuli. Mteja akija hakuacha maelezo na kuondoka. Alikaa kwenye stuli, bega kwa bega na wewe, akiangalia skrini na kuamuru: sogeza jina juu kidogo, huyo bwana harusi mng'arishe uso, ongeza maua, punguza maua. Mwisho alisema "hapo hapo!" na kwa Bwana Sospeter neno hilo lilikuwa sahihi, mhuri na kiapo. Mteja akishasema hapo hapo, kazi ilikwenda kuchapwa, na anayetaka kuongeza neno aende akafungue ofisi yake. Nilipomuuliza kwa nini tusichape kwanza kipande kidogo cha majaribio, alicheka hadi akashika meza. "Msomi, mteja ameshaona kwa macho yake mawili. Wewe unataka aone kwa macho ya nani?"

Mwezi wa tatu akaniita. "Msomi, nichagulie kompyuta. Nataka kompyuta ya dizaini ya kweli kweli, watu wa mjini wasije wakatucheka." Naona aibu kidogo kusema nilivyolipokea jambo lile. Nilikwenda nyumbani Mkuyuni nikasikiliza ugomvi wa sufuria bila kuusikia. Kwa wiki sita nilijaza lile daftari la mraba. Nilisoma, nikauliza watu chuoni, nikazunguka maduka ya Nyamagana nikishika kompyuta nisizokuja kununua mpaka mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka, akaanza kuniwekea kiti kila akiniona. "Binti, leo ukurasa wa ngapi?" aliniuliza. Dada Getruda ndiye aliyeteseka zaidi, kwa sababu nilimsomea wakati wa chakula. Tulikula pamoja kwenye kifuniko cha boksi, ugali na sato wa mchuzi kutoka kwa mama wa jirani, na kila siku alikata samaki katikati akanipa upande wenye kichwa, akidai yeye hapendi kichwa. Nilimwamini kwa miezi mingi.

"Unachagua kompyuta au mchumba?" alisema siku moja mdomo ukiwa umejaa.

"Mchumba akikosea rangi hakuharibii kazi."

"Subiri uolewe ndipo uniambie."

Orodha yangu ya mwisho ilikuwa ya ukurasa mmoja, na hata sasa siioni kasoro. RAM gigabaiti thelathini na mbili, kwa sababu bango la mita sita likiwa na picha ishirini linaifanya kompyuta ndogo ikohoe kama mzee. Diski mbili za kasi, moja ya kazi za leo, nyingine ya kuhifadhi, maana tulikuwa tumeshapoteza kadi za harusi nzima kwa diski moja kufa. Kadi ya picha ya kawaida tu, kwa sababu sisi hatutengenezi filamu wala hatuchezi michezo. Betri kubwa ya kushikilia umeme ukikatika. Halafu skrini. Kwenye skrini nilipiga mistari miwili chini ya neno. Nilitaka skrini bapa, isiyometameta, inayoonyesha rangi kama zilivyo, hata kama inapoa machoni. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga na mashine ya kuchapa inatengeneza kwa wino, na mwanga unaweza kukuahidi rangi ambayo wino hauna. Niliandika hivyo hivyo, kwa sentensi ndefu, nikampa Bwana Sospeter daftari zima kwa mikono miwili.

Alikwenda dukani peke yake. Alirudi na bajaji mbili, ya kwanza ikiwa imembeba yeye na boksi moja mapajani, ya pili maboksi mengine. Tulipoifungua, chumba kizima kikawa kama ukumbi wa harusi. Mashine ilikuwa na ubavu wa kioo, na ndani feni tatu zilizowaka nyekundu, kijani, zambarau, zikibadilishana. Skrini ilikuwa pana, imepinda, inang'aa kiasi kwamba Dada Getruda alikinga macho kwa mkono, kwa mzaha, halafu akabaki ameukinga. Daftari alinirudishia. Kwenye ukurasa wangu alikuwa amepita na kalamu nyekundu. RAM thelathini na mbili ilikuwa imekatwa, pameandikwa nane. Betri ilikatwa. Na pale kwenye skrini, juu ya mistari yangu miwili, alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: YENYE TAA.

"Bosi, lakini RAM…"

"Mteja hakai ndani ya RAM," alisema, akaipiga stuli kofi. "Mteja anakaa hapa. Akikaa hapa anataka kuona kitu cha kumfanya atoe macho."

Nililiweka daftari kwenye droo. Baada ya mwezi wadudu wadogo wa ziwani waliifahamu ile mashine. Jioni mawingu yao yakipanda kutoka majini, waliingia kwa tundu la juu ya mlango moja kwa moja hadi kwenye taa, feni zikawavuta ndani, na asubuhi tulikuta ubavu wa kioo una rundo jeusi linalomulikwa kijani, halafu nyekundu, halafu zambarau. Dada Getruda ndiye aliyefika kwanza kila siku, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupangusa wadudu kwa kitambaa, juu ya skrini, nyuma yake, na chini ya ukingo ambako hupenda kujificha. Kumbuka kitambaa hicho. Mimi nimekikumbuka Jumamosi hii, kwa kuchelewa.

Mwezi wa sita walikuja kina mama wa parokia moja ya upande wetu. Paroko wao alikuwa anatimiza miaka ishirini na mitano ya upadre, nao walitaka mabango manne na vitabu vya ratiba ya misa, vyote kwa bluu ya Mama Maria. Mama Mwenyekiti, mwanamke mpana mwenye sauti iliyozoea kanisa lisilo na spika, alikaa kwenye stuli. Nilimwekea bluu. Kwenye skrini ile bluu haikuwa rangi, ilikuwa tukio. Iliwaka. "Yesu wangu," alisema kwa sauti ndogo, "hapo hapo. Usiguse." Nami nilijua. Nilijua haitatoka hivyo, kwa sababu mashine ya kuchapa haina wino wa bluu ile. Inaitengeneza kwa kuchanganya wino wa samawati na wino wa waridi, na waridi ukizidi kidogo tu, bluu inageuka zambarau. Nikasema, "Bosi, tuchape hata kipande cha kiganja tu." Alinijibu mbele yao, akitabasamu kwa kina mama na si kwangu: "Mama ameshasema hapo hapo. Au wewe ndiye unayefanya jubilei?" Walicheka. Nikacheka na mimi. Nimejisamehe mambo mengi ya mwaka ule isipokuwa kicheko kile.

Waliyachukua jioni yakiwa yamekunjwa, wakarudi kesho yake asubuhi, wakiwa saba, wamelibeba bango moja kama machela. Walilitandaza sakafuni, likafika hadi mlangoni, na jina la padre lilikuwa katikati ya zambarau tupu.

"Binti," Mama Mwenyekiti aliniambia, "hii ni Kwaresima?"

"Tunamsindikiza Padre kwenye jubilei au kaburini?" aliuliza mwingine kutoka kwenye matairi, maana ndani hawakuenea.

Bwana Sospeter alivua kofia. Nilimwona akihesabu sura zao, akapima ni nani wa kutolewa kafara, na haikumchukua muda. "Kina mama, mimi sijasoma mambo haya. Nilimwamini huyu msomi. Yeye ndiye aliyeichagua hii mashine. Yeye mwenyewe, kwa daftari." Akanigeukia. "Piga magoti, uwaombe radhi mama zako."

Droo ilikuwa hatua mbili kutoka nilipokuwa nimesimama. Daftari lilikuwa ndani na mwandiko wake mwekundu ulikuwa ndani yake. Nimezipima hatua zile mbili mara nyingi kuliko kitu kingine chochote maishani mwangu. Nimezitembea nikiwa nimelala, nikiwa naoga, nikiwa kanisani. Siku ile sikuzitembea. Kwetu msichana hasimami akibishana na kina mama saba. Nilipiga magoti juu ya bango lenyewe, turubai la plastiki likaganda kwenye magoti yangu kwa joto, na niliposema "nisameheni mama zangu" nilikuwa naangalia zambarau kwa karibu sana, naona vitone vya waridi vimelala juu ya vitone vya samawati, na akili yangu, ambayo haijui kunyamaza, ilikuwa inahesabu kiasi ambacho ningepunguza. Niliposimama, ngozi ilitoa sauti ikibanduka. Mmoja wao alicheka kwa sauti hiyo, bila ubaya. Dada Getruda ndiye aliyenishika mkono, akanipeleka nyuma ya mashine ya kuchapa, akanipangusa magoti kwa khanga yake iliyolowa maji. "Usilie hapa," alinong'ona. "Akikuona unalia atakubembeleza, ajione ana huruma."

Sikulia. Nilibaki miezi mitano zaidi, na watu walinisifu kwa uvumilivu. Haukuwa uvumilivu. Nilikuwa nachagua kisasi kama nilivyochagua kompyuta, kwa kulinganisha. Kumwagia mashine chai: rahisi, lakini ingeonekana. Kumwandikia paroko barua: ingemfikia Mama Mwenyekiti kwanza. Kuacha kazi kwa kishindo: angesema msomi ameshindwa. Wakati nalinganisha, mikono yangu ilikuwa haiwezi kuharibu kazi, ndiyo kasoro yangu. Nilichukua mabaki ya turubai yaliyokatwa pembeni, nikachapa juu yake vipande vya rangi, vimraba kama mia mbili, kila kimoja na namba zake za wino chini. Nikavitoboa na kuvipitisha kwenye waya, kama funguo za mlinzi wa shule. Halafu nikapiga magoti kwa hiari yangu, maana vitufe vya skrini ile vilikuwa chini ya ukingo, nikapunguza mwangaza, nikapunguza ubaridi wa rangi, ule ubluu uliozidi, hatua kwa hatua kwa siku tatu, nikilinganisha na vipande mchana mlango ukiwa wazi, mpaka skrini ikaacha kudanganya. Tangu hapo mteja akikaa kwenye stuli nilimpa waya mkononi. "Chagua kwa kushika, mama, usichague kwa kuangalia." Walipenda kushika. Dada Getruda alizoea upesi kuliko mimi, alikuwa akisoma namba chini ya kipande na kuziandika kwenye kompyuta, hakuwa na haja ya kuzikariri, si vipo pale vinaning'inia. Kazi hazikurudi tena. Mwezi wa tisa watu walianza kuniulizia mlangoni, "Kabula yupo?" na Bwana Sospeter akawa anajibu, "Mimi nipo," nao wakasema watapita baadaye. Aliilalamikia skrini kwamba imepooza, lakini hakuigusa, kwa sababu hakujua inaguswa wapi.

Hapo ndipo nilipokiona kisasi changu, na kilikuwa kizuri kiasi kwamba nilikiogopa. Mwanzoni mwa Desemba, msimu wa kalenda, alipata kazi kubwa kuliko zote, kalenda za kiwanda kimoja cha samaki, za bluu, ianze Jumatatu. Ijumaa alasiri nilimwandikia barua fupi ya kuacha kazi, yenye heshima. Kabla sijaiweka mezani niliinama chini ya skrini, nikabonyeza kitufe hadi kwenye neno la kurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Skrini ikawaka chumba kizima. Nikautoa waya wa rangi kwenye msumari nikautia mkobani, pamoja na daftari. Sikuiba chochote. Vile vilikuwa vipande vya takataka nilivyovichapa mwenyewe, na mashine nilimwachia kama alivyoichagua. Niliirudia sentensi hiyo njiani hadi Mkuyuni, nikaionja kama peremende. Nilimwona Bwana Sospeter amepiga magoti mbele ya watu wa kiwanda. Nilimvalisha hata suruali ya siku hiyo.

Kalenda zilitoka zambarau. Mteja mmoja aliniletea habari kwenye chumba changu kipya cha kazi, nikiwa na kompyuta yangu ya kwanza, ya mtumba, yenye skrini bapa, mbaya wa sura na mkweli. Alinisimulia huku akicheka. "Na yule dada mnene uliyefanya naye kazi akapigishwa magoti mbele ya mabwana wa kiwanda! Bosi anasema yeye ndiye aliyeharibu mashine." Nilimuuliza kama anataka kadi zake ziwe na pembe za mviringo. Sikuwahi kumwona Bwana Sospeter kwenye magoti, hata siku moja. Kwa miaka sita nimemchukia kwa hilo pia, kwamba hata kisasi changu alimpa mtu mwingine akibebe. Kwa Dada Getruda sikwenda. Niliandaa maneno, nikayaona hayatoshi, nikaandaa mengine.

Jumamosi nilifika saa nne asubuhi. Matairi yalikuwa yamehamia ukuta wa pili lakini harufu ilikuwa ileile. Watu kama kumi walikuwa wanapekua, wengi nawafahamu, wa kazi yetu. Bwana Sospeter alikuwa amekaa kwenye stuli ya mteja. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala pajani kama kitu cha kuazima. Dada Getruda, aliyekuwa anafungasha karatasi, aliniambia kwa macho kwamba aliugua. Dada Getruda alikuwa bado yupo. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi mbele.

"Shikamoo, Bosi," nilisema, kwa sababu mdomo una tabia zake.

"Marahaba, Kabula. Umenenepa. Mkuyuni kunakufaa."

Mbele ya mkeka alikuwa amechuchumaa mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Sengerema, anayetaka kufungua ofisi ya kuchapa karibu na shule. Alikuwa anaziangalia taa. Aliuliza kama mashine ni ya kuaminika, na Bwana Sospeter akaninyooshea mkono wake mzima, akatabasamu tabasamu lilelile la kina mama. "Mwalimu, una bahati. Mashine hii aliichagua huyu. Kabula mwenyewe wa Mkuyuni, mwenye mabango yote mnayoyaona mjini. Alikaa wiki sita anaichagua, kwa daftari. Muulize."

Uongo uleule. Neno kwa neno, ila sasa jina langu lilikuwa limegeuka kuwa sifa na alikuwa analitumia kuuzia mashine. Watu wakanigeukia. Mwalimu akaniuliza, "Dada, ni kweli ni wewe uliyeichagua?"

Nilikuwa na mzee mgonjwa mbele yangu na mnunuzi aliyekaribia kununua. Nilijua ningeweza kunyamaza na kila mtu angeniita mwenye utu. Nilifungua mkoba nikatoa daftari, nikafungua ukurasa, nikasoma kwa sauti. RAM thelathini na mbili, imekatwa, nane. Betri, imekatwa. "Skrini bapa, isiyometameta," nilisoma, "imekatwa. Hapa pameandikwa: yenye taa." Nikampa mwalimu aone wino mwekundu. "Mimi nilichagua nyingine. Hii aliichagua Bwana Sospeter."

Mtu mmoja alicheka kwa pua. Bwana Sospeter aliliangalia daftari. "Miaka sita unatembea nalo?"

"Ndiyo."

"Haya." Alishusha macho. "Niliichagua mimi."

Ilikuwa tamu. Sitaandika kwamba haikuwa tamu. Ilinishuka kifuani kama uji wa moto asubuhi ya mvua, na ningeweza kukaa ndani yake hadi jioni.

Dada Getruda alikuwa ameacha kufungasha. Alikuja akasimama karibu na skrini, na bila kufikiri mkono wake ulipangusa ukingo wa chini kwa kitambaa, mkono wa miaka mingi. "Na wewe, Kabula," alisema, si kwa ukali, "ile rangi ya ile Jumatatu. Nilikuta inawaka macho yanauma, na waya haupo. Ni nani?"

Watu wote walikuwa bado wananiangalia mimi, mwenye daftari, msema kweli.

"Waya ninao mimi," nilisema. "Uko ukutani kwangu. Skrini niliirudisha mimi Ijumaa."

Alitikisa kichwa polepole. "Mimi nilijua ni hiki kitambaa. Nilijua nilipopangusa wadudu nimebonyeza mahali. Miaka sita nawaza nilibonyeza wapi." Alikiangalia kitambaa mkononi. "Nilikuwa naogopa hata kugusa simu ya mtu."

Maneno yangu yote, ya benki, ya msibani, ya hospitali, hakuna hata moja lililokuwa lake. Dada Getruda alimgeukia mwalimu kwa sauti ya kazi. "Mwalimu, hilo boksi la taa liache. Lakini skrini chukua, ikipunguzwa inafaa. Tuliifanyia kazi miezi mitano, hakuna kitu kilichorudi. Huyu anazijua namba zake." Akachukua karatasi na kalamu. "Waya utauleta Jumatatu."

"Nitauleta kwako nyumbani."

"Utauleta."

Skrini ilikuwa sakafuni, na vitufe, kama zamani, viko chini ya ukingo. Bwana Sospeter alikuwa ananitazama kutoka kwenye stuli, na nilimwacha atazame, kwani yeye sikumsamehe na sijamsamehe. Niliweka daftari chini, nikapiga magoti kwenye saruji mbele ya Dada Getruda, mbele ya watu wote, nikapitisha vidole chini hadi nikakipata kitufe cha kwanza.

"Mwangaza," nilisema, "ishirini na nane."

"Sema polepole," alisema Dada Getruda juu yangu. "Naandika."